Maneno Mawili Yaliyokosekana: Kisa cha Fourie na Ndoa ya Jinsia Moja Afrika Kusini

Hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya tarehe 1 Desemba 2005 inaanza kama hadithi ya watu wawili wowote wale. Walivutiwa, wakawa wanatoka pamoja, hatimaye wakaamua kuishi nyumba moja. Marafiki waliwatambua kuwa ni wenza kwa zaidi ya miaka 10. Kisha wakaona wakati umefika uhusiano wao uandikishwe rasmi, wapate haki za ndoa na wabebe mizigo yake. Jaji Albie Sachs, aliyeiandika hukumu hiyo, hatuambii kwanza ni nani hao. Anatuacha tuwazoee. Ndipo anasema kulikuwa na kizuizi kimoja: wote wawili ni wanawake.

Wanawake hao ni Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, waliokuwa pamoja tangu 1994. Kesi yao ndiyo iliyoifanya Afrika Kusini kuwa nchi ya kwanza barani Afrika, na ya tano duniani baada ya Uholanzi, Ubelgiji, Hispania na Kanada, kuiruhusu kisheria ndoa ya watu wa jinsia moja.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu mjadala wa ndoa ya jinsia moja huzungumzwa kwa sauti kubwa na kwa maneno mapana mno. Utasikia dini, mila, asili, uhuru, watoto. Mara chache utasikia mtu akiuliza: hivi waombaji waliiomba mahakama ifanye nini hasa? Nani aliamriwa afanye nini, na kufikia lini? Katika kisa hiki majaji wote walikubaliana juu ya haki yenyewe. Walichotofautiana ni mwaka mmoja. Mwaka huo, kwa maoni yangu, unafundisha zaidi kuliko kurasa zote za hoja za pande mbili.

Swali la kifungu cha 30

Tuanze na mahali tatizo lilipokaa, maana lilikaa mahali padogo kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria ya Ndoa ya Afrika Kusini ni ya 1961. Kifungu chake cha 30 kinamwekea ofisa wa serikali anayefungisha ndoa maneno ya kutamka. Anapaswa kumuuliza kila mmoja wa wawili waliosimama mbele yake kama anatamka kwamba, kwa kadiri ajuavyo, hakuna kizuizi halali cha ndoa yake na huyu aliyepo hapa, na kwamba anawaita wote waliopo washuhudie kuwa anamchukua huyu awe mke wake halali (au mume). Wakishaitikia, wanapeana mkono wa kulia, na ofisa anawatangaza kuwa wamefunga ndoa.

Itazame ile sentensi. Mke, halafu mume ndani ya mabano. Mwanamke akisimama mbele ya ofisa pamoja na mwanamke mwenzake, ofisa hana neno la kusema. Sheria haikuandika popote kwamba ni marufuku wanawake wawili kuoana. Ilikosa neno tu, na kukosa huko kulitosha kuwafungia mlango.

Nyuma ya kifungu hicho kulikuwa na ufafanuzi wa sheria ya mapokeo, yaani ile isiyotungwa na Bunge bali iliyojengwa na mahakama kwa muda mrefu. Ulisema ndoa ni muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, bila ya wengine wote, kwa kadiri unavyodumu. Maneno hayo yalitoka katika hukumu za Uingereza za karne ya 19.

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Ufafanuzi huo ulipotetewa Afrika Kusini, wengi waliutetea kama urithi wa Waafrika na wa waumini. Lakini ni ufafanuzi huo huo uliotumika kwa miongo mingi kukataa kuzitambua kikamilifu ndoa za mila na ndoa za Kiislamu, kwa kuwa ziliruhusu mke zaidi ya mmoja. Bibi aliyeolewa kwa mahari, ng'ombe wakahesabiwa na ukoo mzima ukashuhudia, mbele ya sheria ya nchi hakuwa mke kamili. Ndoa za mila zilipata sheria yake mwaka 1998, ikaanza kutumika 2000. Ndoa za Kiislamu zilisubiri mpaka Juni 2022 ndipo Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kutozitambua kwa ajili ya talaka kunavunja Katiba. Kwa hiyo yale maneno ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja hayakuwa ukuta dhidi ya mashoga na wasagaji peke yao. Yalikuwa yamekwisha kuwaacha nje watu wengi, na wengi wa hao ni Waafrika weusi na Waislamu waliooana kwa heshima zote za kwao.

Njia ya viraka

Kesi ya Fourie haikuanguka kutoka mbinguni. Katiba ya mpito ya 1993 ilitaja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo, na Katiba ya kudumu ya 1996 ikalirudia katika kifungu cha 9(3). Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ikafuta sheria zilizofanya mapenzi ya wanaume wawili kuwa jinai. Mwaka 1999 ikaamua kwamba mgeni mwenye mwenza wa kudumu wa jinsia moja aliye raia apewe haki za uhamiaji alizopewa mwenzi wa ndoa. Mwaka 2002 zikafuata hukumu kuhusu mafao ya mwenza wa jaji na kuhusu wenza kuasili watoto kwa pamoja.

Kila hukumu ilikuwa kiraka. Leo uhamiaji, kesho mafao, keshokutwa watoto. Kila mara lazima mtu aliyeumizwa apatikane, atafute wakili, apande ngazi za mahakama mpaka juu, ndipo kipande kimoja kishonwe. Kufikia 2005 wenza wa jinsia moja walikuwa na sehemu kubwa ya matokeo ya ndoa, ila ndoa yenyewe hawana. Ajabu ya hali hiyo ni kwamba sheria ilikuwa inakiri uhusiano wao upo na una uzito, huku ikiwakatalia jina lake.

Kosa la mwanzo, na ushindi usiotumika

Fourie na Bonthuys walikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2002. Ombi lao lilikuwa jepesi: uhusiano wao utambuliwe kuwa ndoa na wizara husika iuandikishe. Jaji alilitupa. Sababu yake kubwa ilikuwa ya kiufundi, na kwa hakika ilikuwa na msingi: waombaji hawakukipinga kifungu cha 30 cha Sheria ya Ndoa. Waliomba ufafanuzi wa mapokeo ubadilike, wakaliacha lile swali la mke (au mume) likiwa limesimama palepale.

Wakajaribu kwenda moja kwa moja Mahakama ya Katiba. Mwaka 2003 wakaambiwa wapitie kwanza Mahakama ya Juu ya Rufani.

Tarehe 30 Novemba 2004 mahakama hiyo ya rufani ikawapa ushindi. Jaji Edwin Cameron, akiandika kwa niaba ya wengi, aliukuza ufafanuzi wa mapokeo: ndoa ikawa muungano wa watu wawili, kwa maisha, bila ya wengine wote. Ni hukumu iliyoandikwa kwa moyo, na ukiisoma unaona wazi kwamba Cameron alielewa uzito wa kilichoombwa. Lakini kile kifungu cha 30 hakikuwa mbele yake, kwa kuwa hakuna aliyekipinga. Matokeo yake yakawa ya kusikitisha. Kisheria wanawake wawili waliweza sasa kuoana, ila ofisa wa serikali hakuwa na maneno ya kuwafungishia. Mlango uliobaki ulikuwa kwa viongozi wa dini, ambao sheria iliwaruhusu kutumia maneno ya ibada yao iwapo waziri ameyaidhinisha. Yaani waliotaka ndoa ya serikali, isiyo ya kanisani wala msikitini, wakaambiwa wakamtafute mchungaji.

Jaji Ian Farlam, katika mahakama hiyo hiyo, aliona kifungu cha 30 kingeweza kusomwa upya ili kiwaingize wenza wa jinsia moja. Ila yeye alitaka amri isitishwe kwa miaka 2 ili Bunge lifanye kazi yake. Shika jambo hilo la kusitisha, maana ndilo litakalorudi.

Serikali ikakata rufaa. Wanawake wale nao wakakata rufaa ya kupinga upande wao, kwa kuwa walishinda karatasi tupu. Wakati huohuo shirika la kutetea usawa wa mashoga na wasagaji, pamoja na waombaji wengine, likafungua shauri lake likikishambulia kifungu cha 30 chenyewe. Mashauri mawili yakaunganishwa na kusikilizwa Mei 2005. Kosa la mwanzo likawa limerekebishwa na wengine. Kwa anayefikiria kwenda mahakamani kwa jambo lolote la haki, hapa pana funzo la kazi: sheria ukiipinga nusu, utapata nusu.

Hoja za waliopinga

Serikali na waliojiunga nayo, wakiwemo madaktari wa Kikristo na muungano wa makanisa uliotetea ndoa ya mapokeo, walileta hoja nne.

Mbili nazipita haraka. Moja ilikuwa ya sheria ya kimataifa: Tamko la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 16, linasema wanaume na wanawake wana haki ya kuoa na kuolewa. Sachs akajibu kwamba maneno hayo yalieleza hali ilivyodhaniwa wakati ule, hayakuweka ukuta wa milele. Nyingine ilitumia kifungu cha Katiba kinachoruhusu Bunge kutunga sheria za ndoa za mila na za dini mbalimbali. Jibu likawa kwamba kuruhusu aina nyingi za ndoa hakumaanishi kuruhusu ubaguzi katika mojawapo.

Ya tatu ilikuwa uzazi: kwamba ndoa imewekwa kwa ajili ya watoto. Hii husemwa kila mahali, na inastahili jibu la heshima kwa sababu wanaoisema wengi wanaamini kweli. Sachs hakuidharau. Aliuliza tu inawaweka wapi wazee wanaooana wakiwa wamepita umri wa kuzaa, wanandoa wasiojaliwa mtoto, wanaoasili, na wanaoamua wenyewe kutozaa. Hakuna ofisa wa ndoa aliyewahi kudai cheti cha uzazi kabla ya kuuliza lile swali la kifungu cha 30. Kama uzazi ndio moyo wa ndoa kisheria, sheria ingeuuliza, na haijawahi kuuliza. Kwa mtazamo wa kanisa au wa mila, uzazi unaweza kweli kuwa kiini cha ndoa, na sidhani mahakama ilipinga hilo. Ila mahakama haikuulizwa ndoa ni nini mbele ya madhabahu.

Ya nne ndiyo nzito: dini. Hapa Sachs aliandika kurasa ambazo ningependa zisomwe na watu wa pande zote. Alisema imani za wanaopinga haziwezi kupuuzwa kuwa ni chuki tu, kwa wengi ni za dhati na zinagusa nafsi zao. Alisema pia kwamba dini ina nafasi kubwa katika maisha ya umma ya nchi. Lakini ni jambo moja kuiheshimu dini, na ni jambo jingine kuyatumia mafundisho yake kupimia haki za kikatiba za mtu mwingine. Hisia za kidini za baadhi ya watu haziwezi kuwa mwongozo wa haki za wengine. Na akaweka wazi kwamba hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa ambayo imani yake inaikataa. Takatifu na la kiserikali vikae kila kimoja mahali pake, na kila kimoja kiheshimiwe.

Naona mgawanyo huo ndio nguzo ya kisa kizima. Mjadala wetu mara nyingi huwaka moto kwa sababu neno ndoa linabeba mambo mawili kwa pamoja, baraka na cheti. Mtu anasikia serikali itatoa cheti, anaelewa kwamba imani yake imeamriwa itoe baraka. Fourie na Bonthuys hawakuomba baraka ya yeyote. Waliomba cheti. Cheti hicho ndicho kinachoamua nani anarithi pasipo wosia, nani anamtunza nani wakiachana, nani anasikilizwa mmoja anapolala hospitalini hawezi kusema. Sheria ya ndoa hujulikana zaidi siku za kifo na siku za talaka kuliko siku ya harusi.

Walikuwepo pia waliosema: basi watengenezewe chombo chao, kiitwe jina jingine, ndoa iachwe ilivyo. Kwangu hii ndiyo iliyokuwa hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu haikuwanyima kitu cha mkononi. Lakini ilisemwa mbele ya mahakama ya Afrika Kusini. Nchi iliyoishi miaka mingi na mabehewa tofauti, madawati tofauti na milango tofauti, kila kimoja kikidaiwa kuwa kinatosha, ilijua vizuri maana ya kutengwa hata pale unachopewa kinapofanana na cha mwenzio. Sachs aliliachia Bunge nafasi ya kuchagua njia, ila akalionya kwamba njia hiyo isije ikawa mlango wa nyuma wa kuwashusha hadhi watu wale wale. Kuwatenga, alisema kwa maneno yanayokaribia haya, si usumbufu mdogo uliobaki kutokana na chuki za zamani ambao utayeyuka wenyewe kama umande wa asubuhi.

Mwaka mmoja

Mpaka hapo majaji wote walikuwa pamoja. Ufafanuzi wa mapokeo unavunja Katiba. Kifungu cha 30 kinavunja Katiba kwa kukosa maneno mawili baada ya neno mume: au mwenzi.

Kisha ikaja amri. Sachs na wengi wakaamua kwamba tamko hilo lisitishwe kwa miezi 12 ili Bunge lirekebishe. Jaji Kate O'Regan peke yake akakataa. Yeye alitaka maneno yale mawili yaingie siku ileile.

Waswahili wana methali mbili kwa hali hii, na zinagombana. Subira huvuta heri, wanasema. Na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hoja ya O'Regan ni safi. Waombaji wameshinda, na aliyeshinda kwa haki ya kikatiba apewe haki yake. Marekebisho ni mepesi, hayaleti vurugu katika sheria nyingine. Na kuhusu wasiwasi kwamba majaji wasiochaguliwa wanafanya kazi ya wabunge, alijibu kwamba Katiba yenyewe ndiyo iliyowapa majaji kazi hiyo, na Katiba hiyo ilitungwa na wawakilishi wa wananchi.

Hoja ya Sachs ni ya mtu anayeangalia mbali. Ndoa inagusa jamii nzima. Ikiingia kwa amri ya mahakama peke yake, haki hiyo itakuwa na mguu mmoja. Ikipitia Bunge, kwa mjadala wa wazi na kura zilizohesabiwa, itasimama imara zaidi, hasa kwa kundi ambalo watu wengi hawalipendi.

Nikiisoma kwa jicho la Fourie na Bonthuys, siwezi kumlaumu O'Regan kwa neno hata moja. Walikuwa wameshapita mahakama tatu, na sasa waliambiwa: mmeshinda, rudini nyumbani mngoje. Mmoja wao angefariki katika miezi ile 12, hukumu isingemfaa kitu.

Lakini kuna sehemu ya amri ya Sachs ambayo wengi wanaoisimulia kesi hii huisahau, nayo ndiyo inayonifanya niielewe. Mahakama haikuliomba Bunge. Iliandika kwamba likishindwa kufikia tarehe 1 Desemba 2006, maneno au mwenzi yataingia yenyewe katika kifungu cha 30, bila kesi nyingine, bila ombi jingine. Bunge likapewa heshima ya kufanya kazi yake, huku waombaji wakiwa na uhakika kwamba uzembe wa Bunge hautawarudisha nyuma. Subira yao ilikuwa na mwisho ulioandikwa.

Kilichotokea Bungeni

Mwaka 2006 ukawa mwaka wa kelele. Mikutano ya kukusanya maoni ilifanyika majimboni, na upinzani ulikuwa mkali. Viongozi wa jadi walipinga, makanisa mengi yalipinga, na chama cha Kikristo cha ACDP kilitaka Katiba yenyewe ibadilishwe. Septemba, Jacob Zuma, wakati huo naibu rais wa ANC, alisema hadharani kwamba ndoa za jinsia moja ni aibu kwa taifa na kwa Mungu. Siku chache baadaye akaomba radhi.

Muswada wa kwanza wa serikali ulikuwa ule hasa ambao Sachs aliuonya. Ulitaka wenza wa jinsia moja wapate ushirikiano wa kiraia, kitu chenye jina lake, na ndoa ibaki ya wengine. Ulikuwa pia na sehemu ya kuwalinda watu wanaoishi pamoja bila ndoa, wa jinsia yoyote. Dakika za mwisho kamati ya Bunge ikaubadilisha. Ukawa wazi kwa watu wawili wowote, wa jinsia moja au tofauti, na wenyewe wakaachiwa wachague uitwe ndoa au ushirikiano wa kiraia. Ile sehemu ya wanaoishi pamoja ikaondolewa. Jambo hilo halikupata kelele, ila gharama yake ilikuwa kubwa: wenza wa jinsia tofauti wasiooana waliendelea kufiwa na kukosa urithi pasipo wosia kwa miaka 15 zaidi, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoingilia Desemba 2021.

Tarehe 14 Novemba 2006 Bunge la Taifa likapiga kura: 230 wakaunga mkono, 41 wakapinga. ANC haikuwaachia wabunge wake wapige kura kwa dhamiri zao. Katika mjadala, Mosiuoa Lekota, waziri wa ulinzi wakati huo, aliwakumbusha wabunge kwamba mashoga na wasagaji walikuwamo katika safu za ukombozi. Tarehe 29 Novemba Phumzile Mlambo-Ngcuka, aliyekuwa akikaimu urais, akatia saini, na tarehe 30, siku moja kabla ya maneno mawili kuingia yenyewe, sheria ikaanza kutumika.

Siku moja kabla. Sidhani sheria hii ingepita mwaka ule, na pengine hata miaka iliyofuata, bila ile tarehe. Wabunge waliosita hawakuwa wakichagua kati ya ndoa ya jinsia moja na hali ya zamani. Hali ya zamani ilikuwa imekwisha kufa. Walichagua kati ya sheria waliyoiandika wao na sheria itakayoandikwa na mahakama.

Mwaka ulivyogharimu

Sasa tuone bei yake, maana ipo.

Sheria ya Muungano wa Kiraia, Namba 17 ya 2006, iliweka kifungu cha 6. Kilimruhusu ofisa wa serikali anayefungisha ndoa kumwandikia waziri kwamba dhamiri, dini au imani yake haimruhusu kufungisha ndoa ya watu wa jinsia moja, na asilazimishwe. Angalia vizuri: huyu si mchungaji wala shehe. Ni mtumishi wa umma analipwa kwa kodi ya wote, wakiwemo wale wawili waliosimama kwenye dirisha lake. Mahakama ilikuwa imewalinda viongozi wa dini. Bunge likaongeza kinga kwa makarani wa serikali. Mamia ya maofisa walijitoa kwa njia hiyo. Wenza walifika kwenye ofisi za serikali na kukuta hakuna aliye tayari kuwafungisha, wakahamia ofisi nyingine na nyingine tena. Haki waliyoishinda 2005 ikawa inategemea nani yuko zamu.

Kifungu hicho kilifutwa kwa marekebisho yaliyotiwa saini Oktoba 2020, kutokana na muswada binafsi wa mbunge Deidre Carter wa chama cha upinzani cha COPE. Miaka 14. Hiyo nayo ni sehemu ya bei ya ule mwaka mmoja, na kama maneno au mwenzi yangeingia tu katika kifungu cha 30, kifungu cha 6 kisingezaliwa.

Kwa hiyo O'Regan alikuwa sahihi? Kwa wale wawili, ndiyo, na kwa waliofukuzwa dirishani miaka iliyofuata, ndiyo. Lakini siwezi kuzipuuza zile kura 230. Haki ambayo Bunge limeipitisha kwa mdomo wake ni vigumu kwa Bunge hilohilo kudai ilibandikwa na majaji. Nikipimisha vyote viwili naegemea kwa Sachs, kwa shida, na kwa sababu ya ile tarehe tu. Bila tarehe ningesimama na O'Regan bila kusita.

Ukitaka kuona uzito wa tarehe, tazama kwingine. Taiwan, Mei 2017, mahakama ya katiba ilitoa miaka 2 na kusema zikipita bila sheria, wenza wa jinsia moja wataandikishwa chini ya sheria ya kiraia iliyopo. Kura ya maoni ya 2018 ilikwenda kinyume nao, na bado Mei 2019 sheria ikatoka kwa wakati. India, Oktoba 2023, Mahakama ya Juu ilisema hakuna haki ya msingi ya kuoa chini ya Katiba, ikaliacha suala kwa Bunge bila tarehe na bila matokeo ya kushindwa. Sheria haijatoka.

Na haifai kudhani kisa hiki kinahamishika kokote kama mzigo wa kubeba. Kilijengwa juu ya katiba iliyotaja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45(2), inasema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Sachs mwenyewe akikaa mbele ya maandishi hayo, hana kifungu cha 30 cha kurekebisha. Anayeunga mkono na anayepinga wote wanapaswa kuanza kwa kusoma kilichoandikwa kwao.

Afrika Kusini leo mtu anaweza kuoana kwa Sheria ya Ndoa ya 1961, kwa sheria ya ndoa za mila ya 1998, au kwa Sheria ya Muungano wa Kiraia ya 2006, ambayo inasema popote sheria nyingine zinapotaja mume, mke au mwenzi, zisomwe zikiwajumuisha waliofunga muungano huo. Muswada wa kuziunganisha zote ulipelekwa Bungeni mwaka 2023. Wakati huohuo kifungu cha 30 kiko vilevile. Ofisa bado anauliza mke halali, na mume bado yuko ndani ya mabano. Kwa kuwa Bunge lilitangulia kwa siku moja, maneno au mwenzi hayakuwahi kuandikwa humo.